Haikuwa Karuho

Kama umekonda bila sababu, ukisimama dunia inazunguka, mistari ya viganja vyako imekuwa myeusi, na mtu wa kwenu amekuletea kikombe cha dawa ya kutapisha, kiweke chini kwanza. Usinywe. Nisikilize, halafu uamue mwenyewe. Mimi nilikinywa mara tatu, na mara zote tatu watu walionizunguka walimshukuru Mungu huku mimi nakufa mbele yao.

Mama mmoja wa kanisani aliniambia niandike ushuhuda wa shukrani. Shukrani ninazo, nazitoa kila asubuhi nikimeza kidonge changu. Hapa naandika kwa hasira. Nimechoka kusikia shukrani zikitumika kufunika mambo.

Ninakaa Karuba, vilimani, jirani na Mushaki. Tunalima maharage na viazi, na mume wangu, Papa Riziki, hununua jibini kwa wafugaji na kuiteremsha Sake siku ya soko. Nyumba yetu ilikuwa na mtu mwingine mzima, wifi yangu Furaha, dada ya mume wangu. Alikuwa ameolewa mbali, Itebero, kule Walikale msituni, na bwana yake alipofariki alirudi kwa kaka yake na sufuria moja na blanketi moja. Tuliishi naye miaka miwili. Tulikuwa tunacheka mpaka Papa Riziki analalamika kwamba nyumba yake imegeuka soko.

Ugonjwa ulianza wakati wa kupanda maharage. Nilikuwa nalima mstari mmoja, nakaa. Nalima nusu mstari, nakaa. Majirani wakasema ni uvivu, kwamba nimepata mpishi na sasa najifanya bibi mkubwa. Mpaka mvua za kwanza zinakatika, kitenge changu kilikuwa kinanizunguka kiuno mara mbili. Nilikuwa nikiinuka kitandani lazima nishike ukuta, nihesabu mpaka ishirini, ndipo niende.

Kituo cha afya nilikwenda, asiniambie mtu kwamba sikwenda. Benchi lile nalijua kila msumari. Unafika alfajiri, unakaa, unasogea, mtoto wa mwenzio anakutapikia miguuni, unasogea tena, na ikifika zamu yako mtu anakuuliza maswali mawili bila kuinua kichwa. Safari ya kwanza niliambiwa malaria. Ya pili, malaria na tumbo la tifoidi. Ya tatu, malaria, tifoidi na minyoo. Ugonjwa mmoja uliongezeka kila nilipokwenda, na hakuna hata siku moja aliyenishika mkono akautazama.

Wakati huo ndipo nilipoanza kula chumvi. Sisemi kuongeza chumvi kwenye mboga. Nasema kuila mkononi, kama sukari. Furaha alificha pakiti juu ya dari, mimi nikapanda huko kuifuata. Siku moja nilipita malishoni, mahali ambapo Papa Safari, mchungaji, huwawekea ng'ombe chumvi yao kwenye mti uliochimbwa kama mtumbwi mdogo. Nilitazama kushoto na kulia, nikapiga magoti, nikachota. Nilipoinua uso Papa Safari alikuwa amesimama hapo na fimbo yake, anacheka.

"Mama Riziki! Kumbe njo weye uko namaliza chumvi ya ng'ombe yangu?"

Nilimwambia anisamehe, kwamba sijui nimepatwa na nini.

"Ng'ombe ikikosa chumvi, inalambaka hata mukojo," akasema. "Inatafuta kitu mwili yake inalilia. Kwenu chumvi haiko?"

"Iko. Hainitoshi."

Hakunicheka tena. Kuanzia siku hiyo, kila alipopita kwetu aliniachia donge moja la chumvi juu ya ukuta wa mawe. Nalitaja hili kwa sababu wema nilioupata mwaka ule haukuwa mwingi.

Lakini habari ilitembea: Mama Riziki anakula na ng'ombe. Na wakati huohuo nikaanza kuwa mweusi. Nilikuwa mtu wa rangi ya maji ya kunde. Nikawa mweusi kwenye viwiko, kwenye vifundo vya vidole, kwenye kovu la moto mkononi. Fizi zikawa kama nimetafuna makaa. Watu walianza kuniangalia mdomoni badala ya machoni.

Halafu ikaja siku ya risasi. Nyinyi wa huku mnajua. Inasikika moja, mnasikiliza. Zinasikika tatu, mnabeba magodoro. Asubuhi ile kilima kizima kilikimbia. Nilimwona mama mzee wa jirani, mtu wa fimbo, anapanda mlima na mbuzi mabegani. Mimi nilikaa kwenye kizingiti. Kichwa changu kilikuwa kinaogopa kama vichwa vyote, kilikuwa kinapiga kelele, kimbia, mtoto yuko wapi, kimbia! Miguu haikusikia. Moyo haukudunda zaidi. Furaha ndiye aliyerudi. Alimkabidhi mwanangu Riziki kwa mtu, akanibeba mgongoni kwenye ule mteremko wa nyuma, mimi mwanamke mzima, na tulipofika chini alikuwa anatokwa damu puani. Weka hilo moyoni. Furaha alinibeba mgongoni.

Tuliporudi nyumbani, watu walikuwa wameshapata jina la ugonjwa wangu.

Kwetu karuho ni sumu ya polepole. Hakuna aliyewahi kuiona, kila mtu anaijua. Mtu mwenye kijicho anakuwekea kwenye pombe au kwenye mboga, nawe unakonda, unatapika, unakuwa mweusi, unakwisha. Hospitali haiioni, wanasema, ndiyo maana ukipelekwa hospitali unakufa. Sikiliza neno hilo vizuri, maana limezika watu. Mimi mwenyewe nililiamini. Sikuwa mjinga wa peke yangu, lakini mjinga nilikuwa.

Papa Riziki alimleta mganga, mama mmoja wa makamo mwenye kikapu safi na sauti ya upole. Nyumba ilijaa: wakwe, majirani, watu wa kikundi cha maombi waliokuwa wanachukia waganga siku ya Jumapili. Mganga akanitazama fizi, akatikisa kichwa, akaniuliza swali moja.

"Mama, nani iko nakupikia?"

Nikajibu, "Furaha."

Nilijibu nilichoulizwa, na lilikuwa kweli. Lakini nilimsikia kila mtu mle ndani akivuta pumzi, nikajua nimesema nini. Nilikuwa na nafasi ya kuongeza neno. Ningeweza kusema, anapika sufuria moja na sote tunakula, mbona ni mimi tu? Ningeweza kusema, alinibeba. Nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa bila jina, na jina lilipokuja nililishika kwa mikono miwili, hata kama ndani yake kulikuwa na mtu.

Kikombe cha kwanza nilitapika mpaka jua likapanda. "Angalieni! Njo inatoka ile," watu wakasema, na wakapiga makofi. Kila nilipozimia walisema sumu inapigana. Nilikaa siku tisa bila kuweza kuketi.

Kikombe cha pili kilikuja mvua zilipoanza tena. Nilitapika maji, halafu nyongo, halafu kitu chenye damu, na ndipo Papa Riziki akatoka uani na kusimama mbele ya dada yake. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka mlangoni, niliona kila kitu.

"Kamata sufuria yako, uende kwa batu ya bwana yako."

"Kaka, tulinyonya ziwa moja," Furaha akasema. "Njo mimi muuaji?"

Papa Riziki akamwonyesha njia kwa mkono. Basi Furaha akanigeukia mimi.

"Mama Riziki, sema kitu."

Niligeuza uso ukutani. Sina cha kujitetea kwa hilo. Sikuwa nimezimia, na mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi.

Alikwenda Itebero, mwendo wa siku nyingi, na sufuria kichwani.

Wiki tatu zikapita, na nikazidi kuisha. Mtu mwenye akili angejiuliza: mpishi ameondoka, mbona sumu haijaondoka? Hilo nalo walikuwa na jibu lake. Aliiacha ndani ya mwili, inazaa. Kwa hiyo kikombe cha tatu. Baada ya hicho sikumbuki mengi. Nakumbuka tipoyi, kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani, na mbingu ikipita juu yangu ikitikisika, na sauti ya Papa Safari akiwafokea wenzake waongeze mwendo. Inasemekana ni yeye aliyeingia ndani na kusema kwamba kama wanataka kunizika, wanizike nikitoka hospitali, si kabla. Walinibeba mpaka Sake, na kutoka Sake gari la viazi likanichukua mpaka hospitali ya mjini.

Chumba cha kungojea cha hospitali ile kilikuwa na watu wengi kuliko viti, nami niliwekwa sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya mume wangu. Daktari mmoja, mwanamke bado kijana, alikuwa anapita kwenda kwa mtu mwingine. Alisimama. Aliinama akachukua mkono wangu, akaufungua, akautazama kiganja. Halafu akaniomba nifungue mdomo. Nililia, kwa sababu mwaka mzima hakuna mtu wa kazi ile aliyefanya kitu kile kidogo.

"Mama, unapendaka chumvi?"

Papa Riziki aliona aibu, akasema hapana. Mimi nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo.

"Na zamani, ulishagonjwaka kifua kikuu?"

Nilikuwa nimeugua, miaka minne kabla, nikatumia dawa miezi sita, nikapona. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Walinichukua damu, lakini hawakungoja majibu. Waliniwekea maji ya chumvi mshipani, chupa imetundikwa kwenye msumari, na sindano moja. Mchana nilikuwa maiti. Kabla ya jua kuzama niliomba viazi, na nikavila vyote, na kumnyang'anya mgonjwa wa kitanda cha pili chumvi yake.

Siwezi kukufundisha udaktari. Nitakupa maneno yake tu, kama alivyonipa nilipopata nguvu ya kusikiliza.

"Mama, juu ya kila figo kuko kitu kidogo, tezi. Ukiogopa, ukigonjwa, ukikaa na njaa, kichwa kinatuma habari kule, na ile tezi inamwaga dawa yake ndani ya damu: simama, kimbia, shika maji, shika chumvi, chunga sukari. Kila muntu anazaliwaka na hiyo. Yako ilikufa. Kifua kikuu iliikula. Kichwa kinaita, kinaita, hakuna wa kuitika. Na ile kuita sana njo inakufanya mweusi."

"Na karuho?" akauliza Papa Riziki.

"Papa, maji na chumvi vinamutoroka kila siku, na munamutapisha? Ni sawa na kutoboa ndoo yenye inavuja."

Nilimwangalia mume wangu, nikaona anafikiri jina lilelile ninalolifikiria mimi, na hakuna aliyelitamka.

Hali ya ugonjwa huu ni hii: nitameza vidonge mpaka kufa. Asubuhi viwili, mchana kimoja. Nikipata homa, nikiumia, nikilazimika kukimbia kutwa nzima, naongeza. Nikitapika na kidonge kisikae, natafuta sindano hata kama ni kwa kutambaa. Kitu ambacho mwili wako unakupa bure ukisikia mlio wa risasi, mimi nakibeba kwenye mfuko wa plastiki shingoni, pamoja na karatasi ya daktari. Barabara ikifungwa, dawa haiji. Sijui nimkasirikie nani kwa hilo, kwa hiyo nawakasirikia wote wanaoifunga.

Kiangazi kilipokuja ngozi yangu ilianza kurudi. Nilinenepa, uso ukaniviringa. Majirani walifurahi, walikuja na mayai, na kila mmoja alisema neno moja: "Afazali ulitapika yote." Niliwaeleza, tezi, figo, kifua kikuu. Waliitikia kwa heshima, wakanipa mayai, wakasema afadhali yule mwanamke aliondoka. Ningewarushia mayai yao.

Nilimwambia Papa Riziki twende Itebero.

"Mambo iliisha," akasema. "Batu bamesahau. Unataka kufufua?"

"Iliisha kwa nani?"

"Mimi niko mukubwa yake. Nitamuomba namna gani samahani?"

"Kwa mudomo," nikamwambia. "Ule ule wenye ulimufukuza nayo."

Tulikaa wiki mbili bila kusalimiana. Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe, Riziki nikamwacha kwa mama yangu. Pikipiki mpaka matope yalipoikataa, halafu miguu, na wapagazi wa mafuta ya mawese, siku baada ya siku. Kwenye kizuizi kimoja mwenye bunduki alimwaga vidonge vyangu kiganjani mwake akaniuliza ninauza nini. Nilimwambia nikivikosa siku tatu nitakuwa maiti, na karatasi iko hapo. Aliisoma polepole kwa midomo, akavirudisha kimoja kimoja, na kile kilichoanguka akakipangusa kwenye shati.

Nilimkuta Furaha anatwanga muhogo wa chikwange, ule mkate unaofungwa majani, mwisho wa kijiji, nyumba iliyojitenga. Alikuwa amekonda kuliko mimi wakati wa vikombe. Nilianza maneno yangu niliyoyatunga njia nzima, na nikayasahau. Nilisema tu kwamba haikuwa karuho, na kwamba nilijua hana kosa, na kwamba niligeuza uso.

Hakuacha kutwanga.

"Habari ilifika hapa mbele mimi nifike," akasema. "Bapagazi baliileta. Natengeneza chikwange, hakuna mwenye kununua. Nikienda kwenye matanga, bananipokea, lakini kitu nimeleta inabaki palepale mpaka inaoza. Weye umepona. Mimi njo niko na karuho sasa."

Jumapili, baada ya ibada katika kanisa la kijiji kile, nilisimama mbele ya watu. Mhubiri hakupenda, alisema mambo ya familia yabaki ya familia. Nilimwambia yalipotoka nje hakuna aliyeyazuia. Nikawaonyesha viganja, ambavyo mistari yake bado haijafutika yote, nikawaonyesha vidonge, nikasema jina la Furaha kwa sauti, na kwamba mwongo ni mimi niliyenyamaza. Mama mmoja mnene wa benchi la nyuma, Mama Zawadi, jirani wa Furaha, akauliza mbele ya wote: "Na tutajua aje hakukuroga mara ya pili, kusudi uje kumusafisha?" Wengine wakaguna. Nilirudi kwa Furaha nimejaa hasira.

Nilitaka kuondoka kesho yake. Furaha akakataa.

"Ukifia njiani, ni mimi nimekuua. Utabaki hapa juma nzima. Utakula kwangu, na kila asubuhi utapita katikati ya kijiji na ndoo, bakuone uko muzima. Halafu utaenda."

Hakunikaribisha. Alikuwa ananipa kazi, nami nikaipokea. Nilikula chikwange yake mlangoni, mbele ya wapita njia, nikapita na ndoo. Siku ya nne niliamka na homa. Niliijua, malaria ya kawaida, lakini kwangu hakuna ya kawaida. Nikameza vidonge vyangu maradufu, nikameza na dawa ya malaria niliyoibeba, nikakaa nimeshika tumbo nikiliambia: ukitapika leo, nitakulaani. Furaha alinitazama. Niliona anaogopa, na hakuwa anaogopa kwa ajili yangu, na alikuwa na haki. Nikachukua ndoo. Sijawahi kutembea umbali mrefu kama ule wa mita mia tatu. Niliwasalimu wote kwa majina, nikicheka, meno yakigongana.

Siku ya saba tulikuwa tumekaa kwenye sahani moja, chikwange na samaki wadogo wa mtoni. Mama Zawadi alikuja njiani na jembe lake, akasimama. Alinitazama mimi muda mrefu, halafu sahani. Akaegemeza jembe ukutani, akanawa mikono kwenye maji yetu, akakaa kwenye mkeka, akamega.

Furaha alimwangalia akimeza, akamwangalia akimega mara ya pili. Ndipo akanigeukia.

"Sasa unaweza kwenda kwako," akasema.